Siku Moja ya Kuchora Wundanyi kutoka Mombasa: Hesabu Saa za Brashi Kabla ya Kulipa

Wundanyi panafaa kuchorwa, hilo halina ubishi. Mji ni mdogo, umejibanza ndani ya Milima ya Taita kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Ukisimama kando ya barabara yoyote inayopanda utayaona mambo ambayo mchoraji wa rangi za maji wa Mombasa hayapati kwao: mteremko, mashamba ya matuta yaliyopandana ngazi kwa ngazi, paa za mabati zinazotazamwa kutoka juu, mwamba wa Iyale ukiwa kijivu nyuma ya migomba, na ukungu unaoshuka na kupanda. Walimu wanaoongoza safari za siku moja za kuchora kutoka Mombasa kwa kawaida wanaijua kazi yao. Kinachoiangusha safari ya siku moja ni ratiba, na kwa kuwa ratiba inaweza kubadilishwa, tuanzie hapo.

Mpango unaouzwa ni huu. Matatu ya abiria kumi na wanne inaondoka kisiwani saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka ivuke Changamwe, Miritini na Mazeras, halafu ipenye kwenye malori ya Mariakani, imeshakula zaidi ya saa moja na bado haijafika mbali. Voi ni kama kilomita 150 kutoka Mombasa, Mwatate ni kama 25 zaidi, na kutoka Mwatate kuna kama kilomita 15 za kona za kupanda hadi Wundanyi. Ukiongeza kituo cha chai pale Voi, unashuka garini saa nne u nusu au zaidi. Mwalimu anachora picha ya mfano kwa dakika 45. Wanafunzi wanaanza saa tano u nusu, wanaitwa chakula saa saba, wanarudi kwenye ubao wa kuchorea saa nane. Saa tisa kazi zinapangwa ukutani zijadiliwe, na saa tisa u nusu gari linageuza. Kwa siku inayochukua saa 14 nzima, brashi imekaa mkononi kwa saa mbili na nusu.

Tena saa zenyewe ni zile mbovu. Taita iko karibu na ikweta, kwa hiyo kati ya saa tano na saa nane jua huwa karibu na utosi na vivuli hujikunyata chini ya vitu vyenyewe. Matuta ya shamba hutambulika kwa kivuli cha kingo zake. Kivuli kikiondoka, mteremko mzima unaonekana kama ukuta mmoja wa kijani na hakuna brashi itakayoukunja tena. Mwanga wa pembeni, ule wa kabla ya saa nne asubuhi na wa baada ya saa tisa alasiri, ndio unaolitenga tuta na tuta na kuonyesha bonde linapoingia na mgongo unapotoka. Safari inafika mwanga huo ukiisha, na inaondoka ukianza.

Mpango wa siku moja hufanya kazi vizuri mahali kama Orvieto, mji wa kilimani nchini Italia. Treni kutoka Roma huufikia kwa kama saa moja na robo, na kutoka stesheni kuna kitreni cha kuvutwa kwa kamba kinachompandisha abiria hadi juu ya mwamba. Mtu anaweza kuondoka Roma baada ya kifungua kinywa na bado akakuta kivuli kirefu barabarani. Kwa Wundanyi, mwendo ni saa nne kwenda na saa nne kurudi, kwa hiyo ratiba ya aina ile haiwezi kuhamishwa kama ilivyo.

Suluhisho lipo na halihitaji kulala hotelini. Ondokeni saa kumi alfajiri. Barabara huwa nyepesi, na kwenye saa kumi na moja mko Mariakani, ambapo wanaoswali wanasimama kwa Alfajiri. Chai na mahamri na mbaazi ziwe ndani ya gari, zimefungwa tangu usiku, ili kituo cha Voi kiwe cha choo tu. Saa mbili asubuhi mko Wundanyi. Chora mpaka saa tano. Mchana, jua likiwa juu, ndio wakati wa mwalimu kuonyesha mfano, kwa sababu mwanga huo hakuna anayeuhitaji. Baadaye swala ya Adhuhuri na chakula. Rudini kwenye ubao saa nane, mfungashe saa kumi kamili ili kona za kushukia Mwatate mzimalize kungali mchana. Hapo mtu amepata saa tano za kuchora, na tatu kati yake ni za mwanga mzuri. Mwandaaji akikataa kuondoka saa kumi alfajiri, muulize kama ana mpango wa kulala usiku mmoja. Ukiwa nao uwezo, huo ndio bora kuliko wote, kwa kuwa unampa mtu jioni moja na asubuhi moja kamili.

Kuna wanaopendekeza treni ya asubuhi inayosimama Voi. Kwa starehe ya safari ni nzuri. Kwa kuchora haifai, maana ukitoka stesheni ya Voi bado kuna mwendo wa gari hadi juu, na unafika jua limeshapanda.

Sasa vifaa vinavyotolewa, na hapa ndipo pesa za mteja hupungua thamani bila yeye kujua. Karatasi inayogawiwa mara nyingi ni ya daftari la kuchorea la gramu 200 kwa mita ya mraba, iliyotengenezwa kwa rojo ya nyuzi za mti. Ukiilowesha inajikunja mabonde, maji yanakusanyika kwenye mabonde hayo, rangi inakauka na mstari mgumu pembeni, na mwanafunzi anadhani mkono wake ndio mbaya. Kwa milima yenye ukungu, ambako picha inategemea karatasi iliyolowa, chukua gramu 300, na ikiwezekana ya pamba tupu. Ni ghali, lakini hesabu yake ni rahisi: shiti moja kubwa la sentimita 56 kwa 76 linatoa vipande vinane vya 19 kwa 28. Kipande hicho ndicho kipimo sahihi cha safari hii, kwani mwanga unabadilika kila baada ya dakika 45 hivi na picha kubwa haimaliziki. Kibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, utepe uingie karibu sentimita moja juu ya karatasi.

Karatasi nzuri nayo huharibikia Mombasa kabla haijaona mlima. Ndani yake kuna gundi inayozuia maji yasinyonywe mara moja, na unyevu wa pwani huidhoofisha gundi hiyo karatasi ikikaa miezi mingi kabatini. Dalili ni madoadoa meusi yanayojitokeza rangi inapopita, kama karatasi ya kukaushia wino. Ijaribu nyumbani siku moja kabla: lowesha pembe kwa brashi. Maji yakikaa juu yaking'aa kwa nusu dakika, karatasi ni nzima. Yakizama papo hapo, ipeleke kwenye mazoezi ya penseli na utafute nyingine. Hifadhi iliyobaki kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vidonge vya rangi pia huota kuvu Mombasa vikifungiwa vikiwa na maji; acha kisanduku wazi mpaka vikauke ndipo ukifunge.

Brashi za nailoni za bei ya chini zinazokuja na vifaa vya safari humwaga maji yote kwa mguso wa kwanza. Beba zako tatu: ya duara namba 10 au 12 yenye ncha inayorudi, ya duara namba 6, na bapa ya inchi moja kwa anga. Zaidi ya hizo ni mzigo wa kupanda nao mlima. Maji ya kuchorea, mbali na ya kunywa, yawe lita moja na nusu kwa kila mtu, na vikombe viwili, kimoja cha kusuuzia na kimoja kinachobaki safi. Ukitumia kikombe kimoja, kufika picha ya pili kila rangi ya manjano inaingia uchafu na kijani chote kinakufa. Maji machafu yarudi chupani na kwenda nayo Mombasa. Usiyamwage kwenye mfereji wa shamba la mtu, kwa kuwa baadhi ya rangi zina kadimiamu na kobalti, na mifereji ile inamwagilia mboga.

Rangi ndiyo sura inayowashinda wengi wanaotoka pwani. Mchoraji wa Mji wa Kale amezoea kuacha karatasi nyeupe kwa kuta, kuongeza kivuli cha buluu na kumaliza. Taita ni kijani juu ya kijani, na kisanduku cha vidonge 12 kina kijani kimoja au viwili vilivyokwisha kutengenezwa, ambavyo kimojawapo karibu kila mara ni kijani cha thalo, PG7 kwenye lebo. Peke yake rangi hiyo ni baridi na kali mno, haifanani na jani lolote la milima ile. Weka vidonge hivi hata kama ni saba tu: ultramarini (PB29), buluu ya thalo (PB15), manjano ya limau (PY3), oka ya manjano (PY43), siena ya kuchomwa (PBr7), nyekundu ya udongo (PR101) na nyekundu moja ya waridi. Kijani chote kitatoka humo.

Jani la mgomba linalopigwa na jua kwa nyuma linataka manjano ya limau nyingi na buluu ya thalo kidogo sana, kama sehemu sita kwa moja. Anza na manjano kwenye paleti kisha ulete buluu kwa ncha ya brashi, kwani thalo ina nguvu na ukianza nayo utaifukuza kwa manjano mpaka kidonge kiishe. Mgrivea na vichaka vya kivulini vinataka ultramarini na oka, na siena ya kuchomwa kidogo ya kuvunja ukali. Mikalitusi ya mbali ni karibu kijivu: ultramarini, oka chembe, maji mengi. Ukiwa na PG7 na huna budi kuitumia, itie siena ya kuchomwa mpaka ipoteze ule mng'ao wa plastiki. Kanuni inayosaidia macho kule juu ni kwamba kijani cha karibu kina manjano ndani yake, na kila mgongo wa mlima unaofuata unapoteza manjano na kuongeza buluu na maji. Mwanafunzi anayetumia kijani kimoja kwa milima yote mitatu atakuwa na mlima mmoja.

Udongo mwekundu wa barabara za ndani ni PR101 na PY43 nusu kwa nusu palipo na jua, na mchanganyiko huohuo ukiongezwa PB29 palipo na kivuli. Usitumie nyekundu tupu. Itaruka mbele ya kila kitu. Mabati yanafundisha jambo ambalo paa za makuti hazifundishi: yakitazamwa kutoka juu huakisi anga, kwa hiyo bati jipya ndilo kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha, pengine kuliko anga yenyewe. Liachie karatasi yake na uligusie buluu hafifu upande mmoja. Bati lenye kutu ni siena ya kuchomwa iliyolowa, ukiiacha iteremke yenyewe kufuata mifereji ya bati.

Ukungu ndio sababu ya watu kulipia safari hii, na ndipo makosa mengi hutokea. Lowesha karatasi kuanzia juu hadi katikati kwa brashi bapa, mara mbili, ili maji yaingie badala ya kuelea. Ubao uwe umeinama kidogo, kama nyuzi 15. Subiri ule mng'ao wa maji upungue mpaka uwe kama wa yai lililochemshwa na kumenywa. Hapo ndipo pa kuweka mlima wa kwanza, ule wa mbali zaidi. Rangi kwenye brashi lazima iwe nzito kuliko unyevu wa karatasi. Brashi ikiwa na maji kuliko karatasi, maji mapya yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mchongomano, na doa hilo halifutiki. Sehemu ya chini ya mlima iache ififie yenyewe, kwa brashi safi iliyokamuliwa, maana ukungu hukaa bondeni na kilele ndicho huonekana. Mlima wa pili na wa tatu unaanza baada ya kila tabaka kukauka kabisa.

Kukauka sasa ndiko kunakowashangaza wa pwani. Mombasa, upepo na joto hukausha tabaka kwa dakika chache. Ndani ya ukungu wa Wundanyi hewa imeshajaa maji, na tabaka lililelile linaweza kukaa nusu saa likiwa bichi. Anayeweka rangi ya pili kwa mazoea ya Mombasa anapata tope. Njia ni kwenda na mbao mbili na kuzipokezana: moja ikikauka, nyingine inaanza. Boneti ya gari lililotoka kupanda kona inakausha ubao vizuri, mradi usiuache ukajikunja. Jua likitoka mchana mambo yanageuka, tabaka linakauka kabla hujarudisha brashi, na hapo ongeza maji na upunguze ukubwa wa eneo unalopaka kwa mara moja. Usiwahi kuchora karatasi ikiwa juani. Weupe wake unapumbaza macho, unaongeza rangi kuliko inavyotakiwa, na ukiingia ndani unakuta picha imekuwa nzito na giza. Ikalishe kwenye kivuli chako mwenyewe au chini ya mwavuli mweusi au kijivu. Mwavuli mwekundu unaipaka karatasi yote wekundu wa uongo.

Jambo la mwisho la ufundi, na hili walimu wengi hulipita haraka kuliko linavyostahili, ni mistari ya mteremko. Pwani upeo uko pale baharini, unaonekana. Mlimani umefichwa, lakini bado upo, sawa na kimo cha macho yako. Njia ya kuupata: chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo nusu, inyanyue mbele ya uso mpaka uso wa maji uonekane kama mstari mmoja. Kila kilicho nyuma ya mstari huo kiko sawa na macho yako. Weka alama ya penseli pembeni mwa karatasi pande zote mbili. Nyumba zilizo chini ya alama utaziona paa, na mistari yake ya ulalo inapanda kuelekea upeo. Zilizo juu ya alama utaona chini ya upenu, na mistari inashuka. Barabara inayoteremka mbele yako inakutania kwenye nukta iliyo chini ya upeo, na inayopanda inakutania juu yake. Wengi hupeleka kila barabara kwenye upeo, na ndiyo maana mteremko wao unaonekana kama uwanja. Matuta nayo usiyachore yote. Chagua kingo tatu au nne zinazozunguka mgongo wa mlima, zikaribiane kadiri mlima unavyogeuka kukuacha, na jicho la mtazamaji litajaza zilizobaki.

Kuhusu mwalimu. Mmoja kwa watu kumi na wawili hatoshi. Kila mwanafunzi anaonwa kwa dakika tano katika saa nzima, na rangi za maji hazingoji zamu. Sita kwa mmoja ni kipimo cha haki. Mfano wa dakika 45 unaomalizika kwa picha kamili unapendeza kutazama, ila dakika 15 zinazoonyesha anga na mlima wa kwanza zingemfaa mwanafunzi zaidi. Mwalimu mzuri utamtambua kabla ya brashi kuguswa: amechagua mahali mapema, amebisha hodi kwa mwenye shamba, ameomba ruhusa ya watu kukaa kwenye tuta lake, na anawaambia wanafunzi wasikanyage kingo. Pale ambapo hilo limefanywa, wenyeji hukaribisha na hata huleta viti. Pale ambapo kundi la watu kumi na wanne limeshuka tu na kusambaa shambani, manung'uniko ni ya haki. Mazungumzo ya mwisho ya kazi za wanafunzi yana manufaa makubwa, lakini yafanyike mezani baada ya kula, kazi za asubuhi zikiwa zimekauka, yasile saa nzuri ya alasiri.

Mahali pa kukaa: kona za juu za barabara ya kutoka Mwatate zinatazama chini kwenye tambarare, na asubuhi ndipo penye vina vya milima vilivyopangika. Kuna malori na pikipiki, kwa hiyo keti ndani ya ukingo, si kwenye bega la barabara. Mashamba ya chini ya Iyale yanafaa alasiri. Soko la mjini ni zuri kwa wanaochora watu haraka kwa penseli na rangi mbili. Kwenye kona na mashambani hakuna choo, kwa hiyo pitieni mjini kwanza. Wakati wa kurudi, mkiwa na dakika ishirini, mashamba ya mkonge ya Mwatate yana mistari iliyonyooka mpaka mbali, zoezi safi la ulalo baada ya siku nzima ya mipindo.

Chakula kinachojumuishwa kwa kawaida ni wali au chipsi na kuku. Kinashibisha, ila jiko la mji mdogo likipokea sahani kumi na nne kwa mpigo linachukua zaidi ya saa moja. Mwandaaji apige simu kutoka Voi. Anayetaka kuonja chakula cha Wataita aulizie kimanga mapema. Wanaosumbuliwa na kona wakae kiti cha mbele na wale kidogo kabla ya Mwatate. Na beba sweta hata kama Mombasa ni joto la kutokwa jasho; juu kule hupungua nyuzi saba au nane, na vidole vikiganda brashi namba 6 haishikiki.

Miezi: Machi hadi Mei ni masika, matope na safari kuahirishwa. Novemba na Desemba mvua za vuli huwa na nguvu Taita. Juni hadi Septemba kusi huleta ukungu na manyunyu asubuhi. Huo ndio wakati wa wanaopenda milima inayofifia, wakijua kwamba siku nyingine ukungu haupandi kabisa na kinachoonekana ni mti wa karibu tu. Januari na Februari mwanga ni mkali na safi, vivuli vya matuta viko wazi, na kwa anayeanza ndiyo miezi rahisi zaidi.

Kazi zikikauka, weka karatasi ya kuokea keki kati ya moja na nyingine, zibane kati ya mbao mbili kwa vibanio, na usizitie kwenye plastiki siku hiyo. Mbichi kidogo ikifungiwa plastiki na kushuka kwenye joto la pwani, inashikana na ya juu yake. Mombasa zilaze wazi chumbani chenye upepo kwa siku nzima kabla ya kuzihifadhi.

Kabla ya kulipa, usilinganishe bei ya mwandaaji mmoja na mwingine kabla hujajua bei hiyo inanunua nini. Uliza gari linaondoka saa ngapi na linafika saa ngapi, wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja, karatasi ni ya gramu ngapi, na kama ruhusa ya shamba imeombwa. Uliza pia mvua ikinyesha kutwa kuna mahali gani pa kuchorea chini ya paa, na amana inarudishwa au inahamishiwa tarehe nyingine. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye ujumbe wa simu. Gawanya bei kwa saa za kuchora ulizotajiwa, na safari ya saa kumi alfajiri mara nyingi itakuwa ndiyo nafuu hata ikiwa imetajwa kwa bei ya juu.